Kusoma Pamoja Kila Mwezi



Mmetutaka tueleze namna tunavyosoma vitabu pamoja. Tulianza na Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Mtungaji wake, Shaaban Robert, alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, wala si haki asomwe na wanafunzi wa mitihani peke yao.

Sisi tu watu tisa. Kila mwezi twachanga fedha, twanunua nakala tatu za kitabu kimoja. Kila nakala hupita mikono mitatu, siku kumi kwa kila mtu. Kisha twakutana nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu. Mwenye nyumba hutoa chai tu, asije mtu akaiogopa zamu yake.

Lakini mwanzoni tulikosa. Tulimtoza faini asiyemaliza kitabu. Faini ile haikumpa mtu nafasi ya kusoma, ila ilimpa sababu ya kutokuja. Mwezi wa tano tulibaki wanne. Tukamwendea ndugu mmoja tuliyemdhania mvivu, tukamkuta anamwuguza mama yake. Kitabu kiko mezani hakikufunguliwa, naye aona haya kukirudisha. Haya ilikuwa yetu.

Tukaifuta faini. Siku hizi mmoja wetu hutangulia kusoma kurasa chache kwa sauti, ili asiyepata nafasi naye asikie, apate neno la kusema. Tumerudi kuwa tisa.

Basi, ndugu, mkianzisha chama kama hiki, kumbukeni: kitabu chaweza kungoja mwezi wa pili, rafiki aliyeaibishwa hangoji.