USAFIRI WETU UPANGWE NASI TUKIWEPO

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

_Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano mkuu wa tawi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika. Waliofika wayasome tena kwa nafasi, maana kuna kazi ndani yake._

 

Ajenda yetu ni moja: usafiri wa kutoka mitaani kwetu hadi Morogoro Road, na kutoka hapo kwenda kazini, shuleni na hospitali. Kero hii inatajwa kila tunapokutana. Safari hii tunataka itoke kwenye mdomo iingie kwenye karatasi, kwa sababu halmashauri zinaandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na mtaa usiokuwa na ombi lililoandikwa hauna chake kwenye bajeti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usafiri nao ni mali.

*1. HESABU YA MFUKONI*

Tuanze na mfuko wa mtu mmoja. Tuchukue mfano wa mwanachama anayekaa ndani huko, mbali na lami. Alfajiri anapanda bodaboda hadi barabarani, tuseme Sh1,000. Anapanda daladala Sh600, kisha basi la mwendokasi Sh750. Safari ya kwenda ni Sh2,350. Kwenda na kurudi ni Sh4,700. Kwa siku 26 za kazi ni Sh122,200.

Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025. Hata kwa mtumishi huyo, nauli ya mfano huu inakula karibu robo ya mshahara kabla makato hayajaguswa. Wengi wetu hapa si watumishi wa umma. Tuna mama lishe, mafundi, walinzi na wauza mitumba, ambao wanalipa nauli hiyo hiyo kwa kipato kisichojulikana cha kesho.

Sasa tuangalie kipande cha kwanza cha safari. Kama ingekuwepo bajaji ya kuchangia, yenye njia inayojulikana na nauli ya Sh500 kwa kila abiria, mtu huyo angelipa Sh96,200 kwa mwezi. Anaokoa Sh26,000. Kwa mwaka ni Sh312,000, na hiyo ni pesa ya kuanzishia genge. Kipande kifupi kuliko vyote ndicho kinachotuumiza zaidi, na ndicho ambacho hakuna ofisi inayokipanga.

Tuje kwa watoto. Nauli ya mwanafunzi ni Sh200, na kila siku tunaona makonda wakiwaacha watoto kituoni. Tunawalaumu makonda, na kumwacha mtoto barabarani ni kosa. Lakini tuisome hesabu yake pia. Dereva na konda wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, wamebeba watu au hawakubeba. Wanafunzi watatu wanalipa sawasawa na mtu mzima mmoja. Kwa utaratibu huu, punguzo la mtoto linabebwa na dereva na konda peke yao. Kukemea peke yake hakutatosha. Panahitajika magari ya wanafunzi kwa saa zinazojulikana, na hilo ni jambo la kupangwa na kuwekewa fedha.

*2. NANI ANAPANGA?*

Wanachama wengi wanatuuliza: twende kwa nani? Jibu linachosha, lakini tulifahamu.

Barabara ya mtaani iko TARURA. Barabara kuu iko TANROADS. Leseni ya daladala, njia yake na nauli viko LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Mabasi yaendayo haraka yako DART. Stendi, vituo na vijiwe vinagusa halmashauri. Anayesimamisha magari barabarani ni polisi wa usalama barabarani. Safari moja ya mtu mmoja, ofisi sita, chini ya wizara tatu na TAMISEMI. Kila ofisi inaweza kufanya kazi yake vizuri, na abiria bado akabaki kituoni, kwa sababu hakuna anayeitazama safari yake tangu mlangoni hadi anakokwenda.

Zamani kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote za Dar es Salaam. Ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Tangu hapo meza inayokutanisha halmashauri zote tano ni ya mkoa: Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambayo ipo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, na Bodi ya Barabara ya Mkoa. Wabunge wanaingia humo, na wakuu wa halmashauri wanaingia humo. Maana yake ni kwamba tuna njia ya kufikisha neno letu, kama neno hilo lipo na limeandikwa.

*3. TULIJIFUNZA NINI MWAKA 2016*

Daladala ilizaliwa kwenye upungufu. Shirika la UDA lilipozidiwa, mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na nauli ya shilingi tano, yaani "dala", ikayapa jina. Tangu wakati huo jiji limebebwa na watu wenye gari moja moja, wakifuata abiria walipo. Mitaa mingi ya kwetu ilipata daladala kwanza, na kituo rasmi baadaye.

Mei 2016 mwendokasi ilianza, kilomita 21 kwa jumla, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Ni jambo jema na hatulipingi. Mtu aliyekuwa akikaa saa mbili kwenye foleni alifika mjini kwa dakika chini ya hamsini. Lakini siku hizo hizo daladala zilizokuwa zikienda mjini kwa Morogoro Road ziliondolewa na kupangiwa njia nyingine, wakati mabasi ya kuanzia yalikuwa 140, pungufu ya yale ambayo mpango wenyewe ulihitaji. Karakana ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, mahali ambapo maji hayahitaji mwaliko wakati wa masika. Basi likiharibika, au maji yakijaa, aliyekuwa na njia mbili za kufika mjini akabaki na moja.

Somo ni hili: njia ya zamani isiondolewe kabla ya njia mpya kuonekana inafanya kazi. Sasa mwendokasi imefika Kilwa Road kuelekea Mbagala, na ujenzi wa miundombinu yake umefanyika Nyerere Road kuelekea Gongo la Mboto, na Bagamoyo Road kuelekea Tegeta. Kila awamu itagusa njia za daladala zilizopo, na kila njia ya daladala ni ajira ya dereva, konda, fundi na mama wa chai kituoni. Humu ndani tuna wanachama hao. Tuulizwe kabla ya leseni kubadilishwa, siyo baada ya gari kukamatwa.

*4. MKOA HAUISHII KIBAMBA*

Tuangalie namba za sensa, maana namba hazina chama. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Ni ongezeko la asilimia 23. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668, na mwaka 2022 ukafika 2,024,947. Hilo ni ongezeko la asilimia 84 kwa miaka kumi.

Watu hao wa Pwani si wote wanaofanya kazi Pwani. Anayejenga Kibaha au Mlandizi kwa sababu kiwanja cha mjini kimemshinda bei, asubuhi tunakutana naye Mbezi. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, kilomita 19.2, na stendi ya mabasi ya mikoani imehamia Mbezi Luis tangu 2021. Kwa hiyo daladala zinazotoka Kibaha zikifika kwetu zimejaa, na sisi tulio katikati tunapungiwa mkono. Mkoa mmoja ukipanga mabasi yake bila kuongea na jirani, wanaolipa gharama ni wakazi wa mpakani. Tunataka mikoa hii miwili ikae meza moja juu ya njia ya Kibaha, na sisi tupate magari yanayoanzia kwetu saa za asubuhi.

*5. USAFIRI WA JAMII UNAWEZEKANA*

Kuna watu watasema bajaji na gari za mtaani haziwezi kuwekwa kwenye mpango. Nchi yetu imeshafanya. Mpango wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Shinyanga na Sengerema na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, unamhudumia mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura. Unapigwa namba 115, bure. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anampeleka mgonjwa kituo cha afya, na malipo yake yanakuja kwa simu. Familia haitoi nauli.

Tuutazame vizuri utaratibu huo. Dereva anajulikana. Bei imepangwa mapema. Kuna mtu mmoja anayepokea simu na kuelekeza gari. Mlipaji anajulikana. Mambo manne tu, na maisha ya watu yameokolewa. Kila shina liwe na namba 115 imebandikwa mahali inapoonekana, na madereva wetu wenye magari mazuri waulizie kituo cha afya jinsi ya kusajiliwa.

Kwa mgonjwa wa kawaida bado kuna pengo. Hospitali ya Mloganzila iko wilayani kwetu, Kwembe, lakini mzee mwenye kliniki ya kila mwezi anabadilisha magari kama anayesafiri kwenda mkoani. Kwa mwanachama anayetumia kiti cha magurudumu, bodaboda haiingii kwenye hesabu kabisa. Mambo yale manne yakitumika kwa gari moja la mtaa, kwa siku za kliniki zinazojulikana, mzee huyu anafika.

*6. KWA WANACHAMA WETU WA BODABODA NA BAJAJI*

Tumesikia wasiwasi wenu, na tunauheshimu. Mnasema njia ikipangwa, riziki inapungua. Tunasema hivi: njia yenye nauli inayojulikana inaleta abiria ambaye leo anatembea kwa miguu kwa sababu hana Sh1,000. Bajaji ikibeba watatu kwa Sh500, safari moja ni Sh1,500. Bodaboda itabaki na anayewahi, mwenye mzigo, na anayeingia ndani ambako bajaji haifiki. Hata hivyo hatutapeleka pendekezo lolote la njia kabla viongozi wa vijiwe hawajakaa nasi na kusaini kwamba wameliona.

Na kuna fedha. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye katiba, akaunti ya benki, daftari la mapato, na njia iliyokubaliwa, kina andiko lenye nguvu kuliko kikundi kinachosema tu "tunaomba bajaji". Kwenye kuandaa hesabu za kikundi, ofisi ya tawi itasaidia bila malipo.

*7. TUNACHOPENDEKEZA*

Mkutano umeombwa kuridhia mambo haya, na umeridhia:

1) Njia za kuchangia za bajaji au gari ndogo kutoka mitaani hadi barabara kuu, zenye vituo na nauli ya kubandikwa.
2) TARURA ipelekewe orodha ya sehemu korofi ambazo gari haliwezi kupita masika, kila sehemu na picha yake.
3) Kituo chenye kivuli na taa, maana wanawake wanaokwenda sokoni saa 10 alfajiri wanasimama gizani.
4) Diwani apeleke maombi haya Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Mbunge aombwe kuifikisha hoja ya Kibaha ngazi ya mkoa.
5) LATRA na DART waombwe kukutana na wakazi kabla ya kubadilisha njia yoyote inayopita kwetu.

*8. KAZI YA KILA SHINA*

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ijayo, kila shina liweke watu wawili kituoni, saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Waandike magari mangapi yamepita, mangapi yamesimama, watu wangapi wamepanda, na wanafunzi wangapi wameachwa. Wasiandike jina la mtu wala namba ya gari. Hatutafuti wa kumshitaki. Wasiongeze wala kupunguza. Ofisa wa mipango akikuta namba moja ya uongo, zote atazitupa.

Karatasi zifike ofisi ya tawi Jumamosi kabla ya saa 6 mchana. Tutazijumlisha mbele ya wajumbe, na jumla itatumwa hapa hapa ili kila mmoja aione kabla haijaenda kwa diwani.

Ndugu wanachama, mtaani mwetu wapo pia wasio wa chama chetu, na wapo wasio na chama. Wao nao wanasimama kituo hicho hicho. Wakitaka kuhesabu pamoja nasi, wakaribisheni.



*Katibu wa Tawi*
_kwa niaba ya Kamati ya Utendaji_

_Tafadhali msomee na mwenzako asiye na simu ya kuingia kwenye kundi hili._