Kucheza na Kuchezwa: Utangulizi Mfupi wa Aina za Sanaa za Maonyesho



Nimeombwa kutoa utangulizi wa aina za sanaa za maonyesho. Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, wala si mtu wa jukwaani, naomba ruhusa nianzie kwenye maneno.

Tangu Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa kitabu chao, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, mwaka 1976, istilahi hii imekita mizizi vyuoni mwetu. Wanafunzi huzitaja nguzo zake bila kusita: jambo linalotendwa, mtendaji, uwanja na hadhira. Kisha huorodhesha tamthilia, vichekesho, utambaji wa hadithi, majigambo, ngonjera, ngoma na matambiko. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ugomvi wangu ni na kitenzi kilichojificha ndani ya istilahi yenyewe. Palipo na kuonyesha, yupo anayeonyesha na yupo anayeonyeshwa. Kwa tamthilia, mgawanyo huo unatosha. Anayetazama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, huketi mahali pake akatulia. Na hata akiisoma peke yake ndani ya basi, atapata mengi.

Lakini tuitazame ngoma. Neno hili hutaja chombo kinachopigwa, uchezaji wenyewe, na shughuli nzima inayowakusanya watu. Katika ngoma za pepo hutaja hata tiba. Ni nadra kusema kwamba mtu anaonyesha ngoma, isipokuwa amekuja mgeni wa serikali. Tunasema anaicheza. Na katika unyago, Kiswahili kimetupa umbo la kutendwa: mwali huchezwa. Naomba tulitafakari umbo hilo. Mwali si mtendaji, kwa kuwa ni yeye anayetendewa. Wala si hadhira, kwa kuwa hakuja kutazama. Huingia akiwa mtoto, akatoka akihesabiwa kuwa mtu mzima. Nguzo zetu nne hazina mahali pa kumweka.

Taarabu nayo, hasa ile ya mipasho, hutusumbua kwa namna nyingine. Mwimbaji yuko mbele, watu wameketi, na yote yanafanana na jukwaa lolote. Mara mwanamke mmoja huinuka na noti mkononi, akasogea kwa madaha kumtunza mwimbaji, huku akimkata jicho mwenzake aliyeketi safu ya pili. Tangu hapo ubeti uliotungwa na mtu asiyewajua wote wawili umepata msemaji mpya na msemwa mpya. "Mimi" si mwimbaji tena, na "wewe" anajulikana na ukumbi mzima. Hapo mtendaji ni nani?

Nayasema haya kwa majuto. Katika ujana wangu nilikusanya nyimbo za harusini. Nilinakili maneno kwa uangalifu mkubwa, hata tofauti za matamshi nikaziwekea alama. Kisha, kwa kubana matumizi, nikarekodi nyimbo nyingine juu ya kanda zilezile. Sikuandika nani aliinuka, nani alitunza, wala wanawake walicheka wapi. Daftari ninalo hadi leo. Hivi karibuni nililifungua nikitaka kuufafanua wimbo mmoja unaomtaja paka mwizi wa kitoweo, nikashindwa kusema kama ulikuwa utani, onyo au tusi. Wengi wa waliokuwapo wamekwisha tutangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo ningependelea tuzipange aina hizi kwa kuangalia hadhira inafanya nini. Tamthilia ya ukumbini iwe upande mmoja na unyago upande wa pili. Utambaji, ambao haukamiliki pasipo mwitikio wa wasikilizaji, uwe mahali fulani katikati. Ngonjera sijui niiweke wapi: ilizaliwa kwa majibizano, lakini wengi wetu tuliikariri shuleni tukiwa tumesimama mstarini.

Nanyi mtakaokwenda nyanjani likizo hii, ombeni idhini kwanza, kisha chukueni daftari kubwa. Andikeni maneno ya wimbo kwenye ukurasa wa kulia. Wa kushoto uacheni kwa ajili ya waliokuwapo.