Kwa Nini Ugonjwa Mmoja Uliua Wengi Huku na Wachache Kule?

(Mazungumzo kwa watu wa Kitale na Bungoma)



Wako watu wengi wasemao kwamba Korona ilikuwa maradhi ya Wazungu, na hesabu yaonekana kuwaunga mkono. Hata kufika Mei 2023, Italia, yenye watu kama milioni 59, iliandika vifo karibu 190,000; Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 47, iliandika vifo karibu 5,700.

Sababu iliyo kubwa ni umri, maana ugonjwa ule uliwaelemea wazee. Nusu ya Waitalia wamepita miaka 45, hali nusu ya Wakenya hawajafika hata miaka 21. Tena mzee wa Bungoma hushinda uani mwake, penye upepo. Wazee wengi wa Ulaya walikaa pamoja katika nyumba za kuwatunzia, na maradhi yalipoingia yalipita chumba hata chumba.

Lakini umri si yote. Peru si nchi ya wazee, nayo ilipoteza watu zaidi ya 200,000 katika milioni 33. Oksijeni iliadimika, jamaa za wagonjwa wakapanga mstari na mitungi yao.

Njia nayo ina habari yake. Barabara kuu ya kwenda Uganda hupita Webuye na Bungoma. Kitale iko kando yake. Mwaka 2020 madereva wa malori walingoja siku nyingi Malaba ili wapimwe, na wengine wakaonekana na ugonjwa. Palipokuwa na kipimo, ndipo palipojulikana wagonjwa.

Hapo ndipo naingiwa na shaka. Mimi ni mfasiri, si daktari, lakini naona kwamba "vifo" na "vifo vilivyoandikwa" si neno moja. Katikati ya mwaka 2020 wataalamu walipima damu iliyotolewa na Wakenya kwa hiari, wakakuta kadiri ya mtu 1 katika kila 20 amekwisha kuambukizwa, hali wagonjwa waliojulikana walikuwa wachache mno. Nalo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika 2020 na 2021 walikufa watu milioni 14.9 zaidi ya kawaida. Vifo vya Korona vilivyoandikwa vilikuwa milioni 5.4 tu.

Mzee afapo usiku kijijini, habari hupelekwa kwa Chifu Msaidizi, naye huandika aambiwayo na jamaa: kifua, homa, uzee. Hana kipimo. Basi mtu akisema kwamba kwao Korona haikuua, yafaa kwanza aulizwe ni nani waliozikwa kwao katika miaka ile miwili, na waliugua nini.