Utafiti wa Afya na Haki ya Kuuliza
(Hotuba ya walimu wakimbizi siku ya ukumbusho, Kampala)



Sisi ni walimu, si waganga. Lakini ugonjwa ukiingia, darasa huwa tupu. Na mzazi akipewa karatasi asiyoielewa, huileta kwa mwalimu. Ndiyo sababu tumeomba kusema juu ya utafiti wa afya.

Tukumbuke. Mwaka 2000 Ebola aina ya Sudan iliingia Gulu. Watu 425 waliugua na 224 walikufa, mmoja wao Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Mwaka 2022 ugonjwa huo ulirudi, ukaanzia Mubende ukafika Kampala. Chanjo za majaribio zilipofika mwezi wa Desemba, wagonjwa walikuwa wamekwisha, basi hazikuweza kupimwa.

Tarehe 30 Januari 2025 Serikali ilitangaza Ebola hiyo tena, baada ya kifo cha muuguzi wa hospitali ya Mulago. Safari hii utafiti haukuchelewa. Siku 4 baadaye jaribio la chanjo lilianza hapa Kampala, likiendeshwa na Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Walioombwa kuchanjwa ni waliokutana na mgonjwa, na waliokutana na hao. Tarehe 26 Aprili ugonjwa ulitangazwa kwisha: wagonjwa 14, vifo 4. Hatusemi chanjo ndiyo iliyoushinda, kwa maana jaribio ni kutafuta jibu.

Ndugu zetu, katika utafiti mwingine mama mmoja alituletea karatasi iliyoandikwa Kiingereza, akauliza: "Mwalimu, nikikataa kutia sahihi, posho yangu itakatwa?" Swali hilo lilituumiza. Sahihi ya mtu mwenye hofu ya njaa si ridhaa.

Kwa wakimbizi wenzetu tunasema: tusichanganye mambo mawili. Kufuatiliwa siku 21 baada ya kukutana na mgonjwa wa Ebola ni kinga ya jamii nzima. Tusijifiche, tusihame usiku, hata kama hatuna vitambulisho kamili. Lakini kuingia katika utafiti ni hiari. Uliza: wanatafuta nini? Kuna hatari gani? Naweza kuacha katikati? Kukataa hakupaswi kumnyima mtu chakula wala matibabu.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika na watafiti tunaomba mambo matatu. Karatasi zisomwe kwa lugha ambayo mtu anaelewa, Kiswahili au nyingine. Anayegawa posho asiwe ndiye anayeomba sahihi. Na utafiti ukiisha, rudini mtuambie mmepata nini, maana wengi huchukua damu na majibu hatuyasikii.

Sisi walimu tuko tayari kusoma, kufasiri na kueleza. Mtu aliyeelewa hakimbii, na utafiti usiokimbiwa ndio unaopata jibu kabla ya mlipuko mwingine.