Mgeni Mkaazi katika Dola Bora: Sheria na Dini kwa Wagiriki wa Kale, Kutoka Piraeus hadi Dubai

Mada ya semina ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Dubai



Nimeombwa niwasilishe mada kuhusu falsafa ya Wagiriki wa kale juu ya sheria, dini na dola bora. Somo hili kwa kawaida hufundishwa kuanzia juu: wafalme wanafalsafa, matabaka matatu ya raia, sehemu tatu za nafsi. Mimi nitaanzia bandarini, kwa kuwa kitabu mashuhuri kuliko vyote katika somo hili kinaanzia bandarini, nyumbani kwa mgeni. Hoja yangu ni moja. Wagiriki walipofikiri kwa kina kuhusu sheria na kuhusu dini, mambo hayo mawili yalikutana kwa mtu ambaye hakushiriki kuitunga sheria inayomtawala wala hana ukoo wa kumtetea. Mtu huyo ni mgeni mkaazi. Ndiye sisi.

Plato aliandika *Jamhuri* yapata mwaka 375 K.K. Mwanzoni mwake Socrates anasimulia jinsi alivyoteremka kutoka Athens kwenda Piraeus, bandari ya mji huo, kutazama sikukuu ya Bendis. Bendis alikuwa mungu wa kike wa Wathrace, watu wa kaskazini waliokuja Athens kufanya kazi na biashara, na sikukuu hiyo ilikuwa inaadhimishwa hapo kwa mara ya kwanza. Akiwa njiani kurudi, Socrates anasimamishwa na Polemarchus na kupelekwa nyumbani kwa baba yake, mzee Cephalus, ambaye asili yake ni Syracuse, Sicily. Hapo ndipo mazungumzo yote kuhusu haki na dola bora yanapofanyika. Plato angeweza kuyaweka popote: sokoni, mahakamani, kwenye uwanja wa mazoezi. Alichagua nyumba ya asiye raia, katika siku ya dini iliyotoka ng'ambo.

Athens ilikuwa na utaratibu maalumu kwa watu wa aina ya Cephalus. Mgeni aliyekaa alisajiliwa, akatakiwa awe na raia wa kumdhamini, akalipa kodi ya kila mwaka: drakma 12 kwa mwanamume, drakma 6 kwa mwanamke aliyejitegemea. Aliitwa vitani mji uliposhambuliwa. Hakupiga kura, na hakuruhusiwa kumiliki ardhi wala nyumba ila kwa kibali maalumu. Watoto wake na wajukuu wake walibaki hivyo hivyo.

Najua wengi humu mmeshaanza kuhesabu yanayofanana. Yapo, lakini twende kwa uangalifu. Raia aliyemdhamini mgeni huko Athens hakulazimika kuwa mwajiri wake. Kwetu sisi, wengi wetu, ukaazi unafuata mkataba wa kazi, na mkataba ukikatika saa ya ukaazi huanza kuhesabu kurudi nyuma. Kwa upande mwingine, Dubai iliwafungulia wageni umiliki wa nyumba katika maeneo maalumu tangu 2002, na Sheria Namba 7 ya 2006 ikaweka misingi ya usajili wake. Tangu 2019 ipo viza ya miaka 10 kwa wawekezaji na wataalamu. Mthrace wa Piraeus angeona hilo ni jambo kubwa. Mlinzi wa usiku kutoka Kampala au dada wa kazi za ndani kutoka Mombasa bado anaishi karibu zaidi na hali ya Mthrace yule.

Haki kwa jicho la mfanyabiashara

Socrates anamuuliza mzee Cephalus utajiri umemfaa nini. Jibu lake, nikilieleza kwa maneno yangu, ni kwamba mwenye mali anaweza kuondoka duniani bila kumdanganya mtu, bila kudaiwa sadaka na Mungu wala fedha na mwanadamu. Kwa hiyo haki ni kusema kweli na kulipa deni. Socrates analivunja jibu hilo kwa mfano mmoja: rafiki alikuachia silaha akiwa timamu, kisha akaja kuidai akiwa amerukwa na akili, je, ni haki kumrudishia? Cephalus anacheka, anawaachia vijana mjadala, anaenda kutoa sadaka yake.

Walimu wengi humwacha mzee huyo hapo, kana kwamba ameshindwa. Mimi naona anastahili kusikilizwa zaidi. Kwetu, kabla jeneza halijaondoka, mtu wa nyumba husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Cephalus angeielewa desturi hiyo bila kufafanuliwa. Mji wa bandari unaishi kwa watu wasiojuana wala kuoleana wala kuabudu pamoja. Kinachowaunganisha ni kwamba neno la mtu lina thamani na deni lake hulipwa. Dubai imelijua hilo tangu enzi za lulu, na majahazi yaliyokuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi, yakichukua boriti za Lamu na Rufiji kuezekea nyumba za huku, yalikwenda kwa uaminifu wa aina hiyo. Ndiyo maana mji huu ulikuwa mkali kwa deni kiasi kwamba, hadi sheria ilipolegezwa mwanzoni mwa 2022, hundi iliyorudishwa na benki kwa kukosa salio kwa kawaida ilimfikisha mtu kwenye kesi ya jinai.

Lakini msomaji wa kwanza wa Plato alijua jambo ambalo kitabu hakilisemi. Mwaka 404 K.K., baada ya Athens kushindwa na Sparta, watawala thelathini waliteka madaraka. Walihitaji fedha, wakawachagua wageni wakaazi matajiri. Polemarchus, yule yule aliyemkaribisha Socrates nyumbani, alikamatwa na kunyweshwa sumu bila kuelezwa kosa. Ndugu yake Lysias aliponea chupuchupu, na hotuba aliyoitoa baadaye dhidi ya mmoja wa wauaji tunayo hadi leo. Mmoja wa hao Thelathini alikuwa Critias, jamaa wa karibu wa mama yake Plato. Lysias anataja waliyoporwa: ngao 700 na watumwa 120. Tusipite hapo haraka. Mgeni aliyedhulumiwa naye alimiliki watu, na pwani yetu ya Afrika Mashariki inaijua hali hiyo vizuri mno kuweza kujifanya inashangaa.

Miaka mitano baadaye, 399 K.K., Socrates mwenyewe alihukumiwa kifo. Moja ya mashtaka ni kwamba hakuwatambua miungu ya mji na alileta mambo mapya ya kimungu. Mji uliowapa Wathrace nafasi ya kumjengea Bendis hekalu ulimuua raia wake kwa ajili ya dini. Kwa Wagiriki, dini ilikuwa jambo la dola. Mgeni aliomba kibali na akapewa mipaka, ndani ya mipaka hiyo akaabudu kwa amani; raia aliyehoji kutoka ndani ndiye aliyeonekana hatari. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Kanisa la Mtakatifu Maria pale Oud Metha limesimama tangu miaka ya 1960 kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala, Sheikh Rashid bin Saeed, na kwa nini Jebel Ali ina makanisa, hekalu la Masingasinga la 2012 na la Wahindu la 2022 karibu karibu, aanzie na mantiki hiyo ya kibali.

Sheria zinapozungumza

Katika *Crito*, kitabu kingine cha Plato, Socrates yuko gerezani na rafiki yake anataka kumtorosha. Socrates anazifikiria Sheria za Athens zimesimama mbele yake na kumuuliza maswali. Hoja zao ni mbili, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza: sisi ndio tuliowaozesha wazazi wako, tukakulea, tukakusomesha, sisi ni wazazi wako. Ya pili: mlango ulikuwa wazi, ungeweza kuondoka na mali yako, ukabaki miaka 70, kwa kubaki umekubali kututii.

Sisi tunaifahamu hoja ya pili kuliko Socrates mwenyewe. Yeye alizaliwa mle. Sisi tulipanda ndege kwa hiari, tukatia saini. Hakuna raia wa mji wowote aliyekubali sheria zake waziwazi kama mgeni alivyokubali. Hoja ya kwanza ndiyo haituhusu: mji huu haukutulea. Tunabeba mkataba mtupu, usio na undugu ndani yake.

Plato alikuwa mzee alipoliona tatizo hilo, katika kitabu chake cha mwisho, *Sheria*. Wazee watatu, mmoja wa Athens, mmoja wa Krete, mmoja wa Sparta, wanatembea kutoka Knossos kuelekea pango la Zeus, na swali la kwanza kabisa ni kama sheria zao zimetoka kwa Mungu au kwa mwanadamu. Njiani wanaunda mji wa kaya 5,040. Plato anasema kila sheria itanguliwe na utangulizi wa kumshawishi mtu, kama daktari anayemweleza mgonjwa maradhi yake kabla ya kumpa dawa. Daktari wa watumwa haelezi. Anaamuru na kuondoka. Kila ninapomsikia kijana wetu aliyetia saini mkataba kwa ajenti, katika lugha asiyoisoma, nakumbuka madaktari hao wawili. Sheria ya kazi ya Emirati, Amri ya Sheria Namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kuzuia hati za mfanyakazi na kumtoza gharama za kuajiriwa. Ni sheria njema. Asiyeelezwa kwamba ipo haimtibu.

Kuhusu dini, kitabu hicho cha *Sheria* kina sehemu inayonisumbua na sehemu inayonigusa. Inayonisumbua ni kitabu cha kumi. Plato anaorodhesha makosa matatu: kusema Mungu hayupo, kusema yupo lakini hajali mambo ya watu, na kusema anajali lakini hununuliwa kwa sadaka na dua. Anawawekea adhabu za kifungo, na kifo kwa anayerudia. Mtu aliyeona mwalimu wake akiuawa kwa kesi ya dini aliandika sheria ambayo ingeweza kumuua mwalimu huyo huyo. Sijaona maelezo yanayoniridhisha juu ya hilo. Ila kosa la tatu amelitambua sawasawa, na Waislamu na Wakristo tulio hapa tunalijua: mtu anayekula mshahara wa mfanyakazi wake miezi mitatu, kisha akagharamia futari ya watu mia, anadhani Mwenyezi Mungu ni karani wa kuhongwa.

Inayonigusa iko kitabu cha tano. Plato anasema makosa dhidi ya wageni ni mazito mbele ya Mungu kuliko yale dhidi ya raia wenzetu, kwa sababu mgeni hana jamaa wala marafiki, basi anayeweza kumlipia kisasi ana ari zaidi ya kufanya hivyo. Zeus mwenyewe alikuwa na cheo cha mlinzi wa wageni. Hapa dini haimlindi raia wala mtawala. Inaingia pale pale sheria inapoishia, kwa mtu ambaye hana wa kumpigia simu.

Fikra hizi zilifika upande huu wa dunia kwa Kiarabu, kabla ya Ulaya kuzirudia. Al-Farabi, aliyekufa Damascus mwaka 950, naye mgeni aliyetoka upande wa Turkestan na kukaa Baghdad, aliandika juu ya mji wenye fadhila kwa kumfuata Plato. Lakini katika *Siasa ya Kiraia* anaueleza pia mji wa watu huru, ambamo kila mtu anafuata alitakalo. Mataifa yanauhamia, unakua kupita kiasi, watu wa kila asili wanazaliana humo, na wema na uovu vyote vinastawi. Kwake si mji bora. Hata hivyo anakiri kwamba humo wenye hekima wanaweza kuchipuka kuliko katika miji mingine mipotovu. Sijui maelezo mengine ya zamani yanayoukaribia mji huu tulioketi ndani yake kiasi hicho.

Katiba ya Emirati ya 1971, iliyofanywa ya kudumu 1996, inaitaja dini ya dola katika ibara ya 7, na Sharia kuwa chanzo kikuu cha sheria. Ibara ya 40 inamtaja mgeni: ana haki na uhuru uliomo katika mikataba ya kimataifa inayotumika, na ana wajibu unaolingana nazo. Lakini tangu Februari 2023 asiye Mwislamu anaweza kuoa, kutaliki na kurithi hapa kwa sheria ya kiraia. Hivyo dola yenye dini imewatungia sheria watu wa dini nyingine, na hilo Plato hakulifikiria.

Naomba mjadala wetu uanze na watoto. Katika mji wa Plato mgeni mwenye ufundi aliruhusiwa kukaa miaka 20, kisha aondoke na mali yake. Mwanawe alianza kuhesabiwa miaka yake 20 tangu anapofika umri wa miaka 15, na akitaka kubaki ilibidi awashawishi wakuu wa mji. Hapa, tangu Oktoba 2022, mzazi anaweza kumdhamini mwanawe wa kiume asiyeoa hadi afike miaka 25. Baada ya hapo kijana atafute viza yake. Kijana huyo amezaliwa Al Qusais au Deira, amesoma hapa, Kiarabu chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake, Tanga anaijua kwa simu ya bibi. Hoja ya kwanza ya Sheria katika *Crito*, ile ya malezi, isiyotuhusu sisi wazazi, yeye inamhusu: mji huu ndio uliomlea. Hoja ya pili, ya kuja kwa hiari, haimhusu, kwa sababu hakuja, alizaliwa. Ningependa kusikia kutoka kwenu wazazi mnamwambia nini anapouliza yeye ni wa wapi.