Kinanda Kisikae Kabatini

Ndugu wageni waalikwa, wazee wetu, na wana-Ufipa wote mliotoka mbali,

Mwaka jana tuliwaomba bati na saruji. Leo tunawaombea wanafunzi wetu wa muziki, na tunajua wapo watakaocheka. Lakini muziki ni shahada: unasomwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Makumira kule Arusha.

Mwaka wa masomo ukifungwa, fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo nayo husimama. Kijana anasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, kupitia Tunduma, anafika nyumbani anakuta jembe, kinanda hakuna. Vidole visivyofanya mazoezi miezi miwili huwa vizito, na chuo kikifunguliwa atapiga mbele ya mwalimu sawa na wenzake wenye vinanda kwao. Makanisa yetu mengi yana kinanda, ila hufungiwa kabatini mpaka Jumapili.

Viongozi wa kwaya, tunawaomba ufunguo siku za kazi. Vijana nao watawafundisha wanakwaya wenu kusoma nota. Ninyi wengine, changieni nauli ya kuwarudisha chuoni. Mwenye gunia la mahindi au maharage alilete pia; mweka hazina yuko pale mezani na kitabu cha risiti.