Neno "Ghost" na Roho Tunayemwomba

Wapendwa mliovuka mipaka mpaka hapa Kimihurura, karibuni sana.

Leo tuangalie neno moja la Kiingereza cha zamani: ghost. Muulize kijana yeyote, atakwambia ni mzuka. Sasa fungua Biblia ya King James ya mwaka 1611: Roho Mtakatifu anaitwa Holy Ghost! Je, wafasiri walikosea? Hapana. Zamani neno hilo lilibeba mengi: pumzi, nafsi, malaika, hata pepo mchafu. Mtu akifa, Mwingereza alisema ameiachia ghost yake. Sisi tunasema amekata roho. Na wale watumishi wanaolipwa mshahara wakati hawapo, Waingereza huwaita ghost. Tanzania ilipowasaka mwaka 2016, iliwaita wafanyakazi hewa. Unaona? Mmoja kasema mzuka, mwingine hewa, na mtu ni yule yule.

Na kwetu je? Neno "roho" Kiswahili kililipata kwa Kiarabu. Hapa Rwanda, Waprotestanti husema Umwuka Wera, na umwuka ni pumzi, tena ni mvuke. Wakatoliki husema Roho Mutagatifu. Burundi utasikia Mpwemu Yera, na kwa Wakatoliki Mutima Mweranda, yaani moyo. Uganda utasikia Mwoyo Mutukuvu.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu wapo ndugu wakisikia mwenzao anaomba kwa neno jingine, wanasema, "Huyu bado hajajazwa." Jamani, tuache! Siku ya Pentekoste Mungu hakuwapa watu wote lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe.

Tena lugha moja haitoshi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji na waliouawa walisema Kinyarwanda kile kile. Wengi walikuwa wamesali kanisa moja, wakimwita Roho kwa jina moja. Jina walikuwa nalo. Upendo je?

Kwa hiyo, mpendwa, ukirudi Bujumbura, Goma, Kampala au Mwanza, usimpime ndugu kwa neno analotamka. Angalia jirani yake akiwa hatarini, yeye anamfungulia mlango au anaufunga. Na kabla hujamwangalia yeye, jiangalie wewe kwanza.

Mungu awabariki. Ameni.